Diski shingoni, kamusi mezani

Nilipokuwa darasa la tano, Malindi, nililala na diski chini ya mto siku tatu mfululizo. Kwa asiyeijua: diski ni kipande cha mbao, ukubwa wa kiganja, kimetobolewa na kutiwa kamba. Ukisikika unasema Kiswahili au Kigiriama badala ya Kiingereza ndani ya ua wa shule, unavishwa shingoni, na huivui mpaka umnase mwenzako naye akiteleza, umvishe yeye. Jioni jina la aliyebaki nayo huandikwa, na asubuhi ni fimbo. Kipindi cha Kiswahili peke yake ndicho tulichoruhusiwa kupumua. Binamu yangu, tuliyekaa naye dawati moja, alinihurumia. Alinifuata nyuma ya madarasa akaninong'oneza Kiswahili kitupu: "Nipe mimi leo, mgongo wako umechoka." Nilikataa. Nikalala nayo tena, na mamangu alipokuja kunifunika shuka akaiona, akaigeuzageuza mkononi, akairudisha palepale chini ya mto. Hakusema neno.

Nilidhani hayo yamekwisha. Ni mwaka wa saba sasa naishi Poznań, magharibi mwa Polandi, na mara moja kwa wiki naenda kwa mwalimu wangu wa Kipolandi, mama mmoja mstaafu anayenifundishia jikoni kwake, chai ya limau mezani. Siku moja nilikuwa nikilalamikia nomino zao. Nomino moja ina hali saba, kulingana na kazi yake katika sentensi, na kila hali inataka mwisho wake. Akaniambia, "Shukuru hukusomeshwa Alwar."

Alwar, akaeleza, ni vile Wapolandi walivyoliita kwa ulimi wao jina la Manuel Álvares, Mreno wa shirika la watawa Wakatoliki waitwao Wajesuiti, aliyechapisha sarufi ya Kilatini mwaka 1572. Kitabu hicho kilikaa mikononi mwa wavulana wa Kipolandi miaka karibu mia mbili, mpaka jina la mtu likawa jina la kitabu, na jina la kitabu likawa jina la mateso. "Na aliyesema Kipolandi badala ya Kilatini," akaongeza huku akimimina chai, "alipewa nota linguae. Alama ya ulimi. Alikaa nayo hadi amnase mwingine."

Niliweka kikombe chini. Tangu siku ile nimekuwa nikisoma habari za koleji za Wajesuiti wa Polandi kila nipatapo nafasi, na ninaandika haya kwa sababu sina mtu mwingine wa kumsimulia kwa lugha yangu.

Wajesuiti, yaani Shirika la Yesu, waliidhinishwa na Papa mwaka 1540. Miaka miwili baadaye mmoja wa waasisi wao, Francis Xavier, akiwa njiani kwenda Goa, alitua Malindi. Kile kikanisa kidogo cha Wareno kilichoezekwa makuti, ambacho utotoni nilikipita nikienda pwani, watu wa mjini hukihusisha na safari yake. Katika barua yake anasimulia kwamba walimzika hapo mtu mmoja wa merikebuni, na kwamba mkubwa mmoja wa Kiislamu alimsikitikia kuwa kati ya misikiti 17 ya mji, ni mitatu tu iliyokuwa ikiendewa. Kwa hiyo walifika kwetu kabla ya kufika huku. Kwetu walipita. Huku walikaa.

Aliyewaita ni Kardinali Stanisław Hozjusz, askofu wa Warmia, mwaka 1564. Mafundisho ya Luther na ya Calvin yalikuwa yameingia sana, hasa nyumbani kwa mabwana wenye ardhi, na Hozjusz aliona kwamba mahubiri peke yake hayatoshi, panahitajika shule. Aliwapa mahali Braniewo, mji mdogo wa kaskazini karibu na bahari ya Baltiki, katika nyumba iliyokuwa ya watawa Wafransisko. Mwaka 1565 masomo yakaanza. (Maktaba yao Waswidi waliichukua vitani mwaka 1626, na vitabu vyake vipo Uppsala hadi leo.) Baada ya Braniewo ikaja Pułtusk, kisha Vilnius mwaka 1570, ambayo mfalme Stefan Batory aliipandisha kuwa akademia mwaka 1579, rekta, yaani mkuu, wa kwanza akiwa Piotr Skarga. Koleji ya Jarosław ilijengwa kwa mali ya mwanamke, Zofia Kostka. Nimekwama hapo mara nyingi. Mama yule alitoa mali yake, na hakuna binti hata mmoja aliyeruhusiwa kukalia benchi la shule ile.

Hapa Poznań shule ilifunguliwa mwaka 1573. Jengo la koleji ninaloliona leo ni la karne ya 18, na sasa ndiyo makao ya serikali ya mji. Napoleon alikaa humo mwishoni mwa mwaka 1806, na waongozaji wa watalii huanza na Napoleon. Mimi ningeanza na wavulana. Kanisa lao liko ubavuni, la rangi ya waridi, na ndani yake mna nguzo nene nyekundu zinazokufanya ujisikie mdogo. Walianza kulijenga mwaka 1651, na mmoja wa waliolisanifu, Bartłomiej Wąsowski, alikuwa Mjesuiti na rekta wa koleji hiyohiyo. Jumamosi adhuhuri kinanda kikubwa hupigwa humo. Huwa naenda, nakaa nyuma, na mawazo yananipeleka uani, kwa watoto wa miaka kumi na kidogo wanaobishana kwa lugha isiyo ya mama wa mtu yeyote.

Mambo yote ya darasani yaliandikwa. Mwaka 1599 Shirika lilitoa mwongozo mmoja kwa koleji zake zote duniani, Ratio Studiorum, na ukiusoma unaona watu waliofikiria sana jinsi mtoto anavyojifunza. Madarasa ya chini yalikuwa matano: matatu ya sarufi, moja la ushairi, moja la balagha, yaani ufundi wa kusema. Hukupandishwa kwa umri, ulipandishwa kwa mtihani. Wanafunzi waligawanywa kumi-kumi, kila kumi na mkuu wao anayesikiliza waliyokariri kabla mwalimu hajaingia. Darasa zima lilikatwa pande mbili, mara nyingi wakiitwa Roma na Karthago, na kila mvulana alikuwa na mshindani wake upande wa pili. Mmoja akikosea mnyambuliko wa kitenzi, mshindani wake anasimama anamsahihisha, upande wake unapata alama. Mwalimu mwenyewe hakutakiwa kumpiga mtoto. Kazi hiyo alipewa mtu wa nje, asiye wa Shirika. Sijui kama mgongo unajua tofauti.

Na katika kanuni hizo imo ile niliyokuwa nikiitafuta. Desturi ya kusema Kilatini ishikwe kwa ukali, isipokuwa kwa watoto wa madarasa ambayo bado hayajakijua. Katika mambo ya darasani lugha ya nyumbani isiruhusiwe kamwe. Wazembe waandikiwe alama.

Nilipoisoma nilifunga kompyuta nikatoka nje kutembea. Miaka mia nne na ushei, bara jingine, dini nyingine, na bado ni kanuni ileile iliyokuwa imebandikwa ukutani kwetu Malindi.

Lakini niliendelea kusoma, na jambo likawa gumu kuliko nilivyotaka. Kwanza, shule zile hazikutoza ada. Mwongozo unasema waziwazi mtu asikataliwe kwa sababu ni fukara au hana ukoo wa maana. Kulikuwa na nyumba za malazi za wavulana maskini, na wengine walilipia chakula chao kwa kupiga muziki na kuimba kanisani. Hata Waprotestanti wengi, miaka ile ya mwanzo, waliwapeleka watoto wao, kwa kuwa elimu ilikuwa nzuri na ilikuwa ya bure. Mtoto wa fundi viatu angeweza kukaa benchi moja na mtoto wa bwana mwenye vijiji.

Ila neno "bure" nalo lina mwenyewe aliyelilipia. Koleji iliishi kwa mashamba iliyopewa, na mashamba yalikuja pamoja na watu wake: wakulima waliofungwa na ardhi, wasioruhusiwa kuhama bila idhini, waliolima shamba la mwenye kijiji siku kadhaa za kila wiki bila ujira. Nyuma ya kila mvulana aliyekariri Cicero, yule msemaji wa Roma ya kale, kulikuwa na mtu shambani aliyeinama, ambaye mtoto wake hakufika shule yoyote. Hilo sikulikuta kwenye maelezo ya watalii, nami siwezi kulipita.

Pili, na hili ndilo lililonishika mkono: walimu wa Kilatini ndio walioandika Kipolandi.

Rekta wa kwanza wa koleji ya Poznań alikuwa Jakub Wujek, mzaliwa wa Wągrowiec, mji ulio kilomita kama 50 kaskazini ya hapa. Mtu huyo aliyesimamia shule ya Kilatini ndiye aliyewatafsiria Wakatoliki wa Polandi Biblia nzima. Agano Jipya lilitoka Kraków mwaka 1593. Biblia yote ilitoka mwaka 1599, miaka miwili baada ya yeye kufariki, ndiyo mwaka uleule wa Ratio Studiorum. Mwaka mmoja, Shirika moja: huku kanuni inayozuia lugha ya nyumbani darasani, huku Biblia kubwa kwa lugha hiyohiyo. Biblia ya Wujek ilisomwa makanisani zaidi ya miaka mia tatu, hadi tafsiri mpya ya mwaka 1965. Mwalimu wangu anasema bibi yake alikuwa akiomba kwa maneno ya Wujek, na hajui kama bibi huyo aliwahi kulisikia jina la Wujek.

Halafu kuna Grzegorz Knapski. Huyu nimempenda kama mtu wa nyumbani. Alikuwa Mjesuiti, mwalimu wa shule zao, na mwaka 1621 alichapisha Kraków kamusi ya Kipolandi, Kilatini na Kigiriki, kitabu cha kurasa zaidi ya elfu moja. Imepigwa picha, iko kwenye intaneti, mtu yeyote anaweza kuifungua. Nilipoifungua mara ya kwanza nilitafuta jambo moja tu: neno gani linatangulia. Linatangulia la Kipolandi. Kisha Kilatini, kisha Kigiriki. Alikusudia kuwasaidia wanafunzi wanaoandika Kilatini, na alijua, kama kila mwalimu anavyojua ingawa kanuni inataka ajifanye hajui, kwamba mtoto huanza kuwaza kwa neno la mama yake. Basi akalipa lile neno la nyumbani mahali pa mbele, akalifuata herufi kwa herufi, akaliuliza maana zake.

Mwaka 1626 alitoa juzuu ya pili, ya kutoka Kilatini kwenda Kipolandi. Mwaka 1632 akatoa ya tatu, nayo ni ya methali za Kipolandi. Methali! Nimelelewa na bibi aliyekuwa hajibu swali ila kwa methali, na najua ni kazi gani kuzikusanya, kwa maana methali haiji ukiiita. Inakuja mtu akikasirika, au akipika, au akimsuta jirani. Mwalimu huyu wa balagha, ambaye mchana alipaswa kumwandikia alama mvulana anayesema Kipolandi, alikaa akasikiliza watu wakisema Kipolandi, akayaandika waliyosema. Lazima alisikiliza masokoni na majikoni. Lazima, mara moja moja, alisikiliza uani.

Sitaki kumfanya yeyote malaika. Shule zilezile zilitoa vijana waliotoka kwenda kubomoa. Mwaka 1616, hapa Poznań, kundi la watu lililokuwa na wanafunzi wa koleji ndani yake liliharibu makanisa ya Waprotestanti. Kule Toruń, Julai 1724, ugomvi kati ya mwanafunzi wa Wajesuiti na Waluteri wakati wa maandamano ya kidini ulikua ukawa ghasia, Waluteri wakavunja koleji, na hukumu ikawaangukia wao. Meya Johann Gottfried Rösner na wengine tisa waliuawa tarehe 7 Desemba mwaka huo. Watoto waliofundishwa kila siku kuwa Roma dhidi ya Karthago walikuwa na majirani halisi mtaani, na si ajabu kwamba baadhi yao waliutoa mchezo nje ya darasa. Hayo ni maoni yangu tu, ila nimekaa nayo muda mrefu.

Mwisho ulikuja ghafla. Tarehe 21 Julai 1773 Papa Klementi XIV alilivunja Shirika lote. Polandi na Lithuania walikuwako Wajesuiti zaidi ya 2,000, na shule zao zilikuwa ndizo shule za nchi. Mwezi Oktoba bunge likaunda Tume ya Elimu ya Taifa, ambayo wengi huitaja kuwa wizara ya kwanza ya elimu barani Ulaya, ikarithi mali za Wajesuiti na walimu wao wengi. Kipolandi kikaingia darasani kwa mlango wa mbele. Mwaka 1778 ikatoka sarufi mpya ya Onufry Kopczyński kwa shule za taifa, na Alwar ikaenda zake. Nchi ilikuwa tayari imeanza kukatwa vipande na majirani, na mwaka 1795 haikuwapo tena kwenye ramani.

Na hapa ndipo mwalimu wangu aliponikatiza. Nilikuwa nimemwambia habari ya diski, yote, hadi binamu yangu, na nikamwambia naona ni kitu kimoja na nota linguae. Akatikisa kichwa. "Nenda Września," akasema. "Ni karibu."

Nilienda kwa treni. Września iko kilomita kama 50 mashariki ya Poznań. Mwaka 1901 eneo hili lilikuwa chini ya Prusia, dola ya Kijerumani, na watoto wa shule waliagizwa kujifunza dini kwa Kijerumani. Wakakataa kujibu. Wakachapwa mikononi na makalioni, wazazi wakakusanyika nje wakisikia vilio, na baadaye baadhi ya wazazi hao ndio waliofikishwa mahakamani na kufungwa. Leo pana jumba la makumbusho mahali palepale. Nilisimama humo nikitazama madawati.

Niliporudi aliniuliza, "Sasa diski yako ni ya Poznań ya Wujek, au ni ya Września?"

Sijampa jibu. Kilatini hakikuwa lugha ya bwana wa mtu. Mwalimu na mwanafunzi wote walikipanda kama mnazi, mmoja juu kidogo ya mwenzake. Kijerumani cha Września kilikuwa lugha ya aliyeshika bunduki. Kiingereza chetu kilikuja na bunduki, lakini aliyenivisha diski alikuwa mwana wa Kilifi, Mgiriama, aliyelelewa kwa Kigiriama, na nina hakika naye aliwahi kuivaa. Kiswahili kilikuwa na akina Knapski wake: kamusi ya TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam, ilikuwa imetoka tangu mwaka 1981. Ila mimi niliiona kwa macho yangu nikiwa tayari sekondari, na Kigiriama cha rafiki zangu sikukiona katika kitabu chochote shuleni. Kinachoniuma ni hapo. Diski ilitundikwa, na karibu nayo hapakuwekwa meza.

Basi nimeweka yangu. Nina daftari kubwa lenye mistari mipana, nimelipiga safu tatu kwa rula. Kushoto Kiswahili, Kiswahili cha kwetu Malindi, kama bibi alivyokisema. Katikati Kipolandi. Kulia Kiingereza. Jumapili nampigia binamu yangu simu, ananikumbusha maneno, na mengine ananitajia ya Kigiriama, nami nayaandika pembeni kwa kalamu nyekundu mpaka nipate daftari lake. Mwalimu wangu husahihisha safu ya katikati. Tumefika herufi M.

Juzi tulikuwa kwenye "mbuzi". Maana ya kwanza ilikuwa rahisi, kwa kuwa katika mji huu kila mtoto anajua mbuzi: kila adhuhuri wawili wa chuma hutoka juu ya saa ya ukumbi wa mji wakapigana pembe mara kumi na mbili, na watu husimama kuwatazama. Maana ya pili ilitushinda. Nilimchorea kigoda chenye ulimi wa chuma, nikamwonyesha jinsi mtu anavyokikalia na kukuna nazi, sinia chini. Akafikiri. Akaleta kamusi mbili, akafunua, akazifunga. Kisha akachukua kalamu yangu, na katika safu ya katikati, ambapo panapaswa kuwa na neno moja, akaandika kwa mwandiko wake mdogo mistari minne.